Mlafi Hana Neno Lake

Jumatatu, 4 Machi

Naanza kuandika hapa kwa sababu mdomo unaniwasha na sina wa kumwambia. Mji umejaa watu mpaka wanamwagika barabarani na mimi simjui hata mmoja. Nimepanga chumba. Kina kitanda, jiko dogo na kikombe kimoja. Muuzaji aliniuliza nataka vikombe vingapi, nikaona aibu kusema viwili, maana angeweza kuuliza cha pili cha nani.

Lakini kazi nimepata, jamani. Kazi yenyewe ukimsimulia mtu anadhani unamtania: naandika maneno ya adui wa gemu. Siyo gemu ya mpira wala ya magari. Hii adui wake anaitwa Mlafi. Mlafi ameingia kwenye maktaba ya dunia, amekula vitabu vyote na muvi zote, rafu zimebaki tupu, na sasa kila akifungua mdomo anaongea kwa maneno ya vile alivyovila. Ukiwa unacheza, ukausikia mstari, inabidi uchague umetoka kwenye kitabu gani au muvi gani. Ukipatia, Mlafi anautapika, kitabu kinarudi kwenye rafu, na mwili wake unapungua. Ukikosea ananenepa. Ukimmaliza, maktaba imejaa na yeye amebaki ngozi.

Bosi ndiye aliyeibuni. Ana sheria moja, ameiandika ukutani kwa kalamu nene: MLAFI HANA NENO LAKE. Yaani hata salamu aibe.

Siku ya usaili Bosi hakunikuta na cheti, alinikuta na mdomo. Aliniuliza najua nini, nikamporomoshea maneno ya maadui mfululizo, wa vitabuni na wa kwenye muvi, mpaka chai yake ikapoa. Shule niliishia njiani, lakini nimelelewa na shangazi yangu, na shangazi alikuwa na banda la video. Zile muvi zilikuwa za lugha za mbali, kwa hiyo kila jioni alikaa pembeni ya skrini na maiki, akitafsiri, na mimi kwenye mkeka chini ya meza yake. Nimewajua maadui wa dunia nzima kabla sijaota meno ya mbele.

Nipo kwa majaribio mpaka mvua ziishe. Mwisho wa Mei wanakuja wanunuzi kuiona gemu. Nikifanya vizuri, nabaki. Nikiboronga narudi nyumbani, na banda siku hizi ni stoo ya saruji.

Nimefunga mlango kwa makomeo mawili. Nyumbani shangazi hafungi komeo hata siku moja, mlango unarudishwa tu, tunalala hivyo. Ndiyo maana mimi nikisikia chuma kimeingia nafurahi kama mtu aliyeshiba.

Jumatano, 6 Machi

Ofisi ni vyumba vitatu juu ya fundi matairi. Kompresa yake ikiwaka, meza zinatetemeka na Mlafi anatetemeka kwenye skrini. Nimeandika mistari saba. Aliyenisemesha leo ni fundi matairi peke yake, kaniambia nimekanyaga grisi.

Jumatatu, 11 Machi

Leo tumerekodi. Mlafi wetu ni mzee mmoja, tunamwita Sauti. Alisoma matangazo ya vifo redioni mpaka akastaafu. Anakuja na mwavuli na flaski ya maji ya moto, anakunywa maji ya moto matupu, anasema chai inachubua koo. Chumba cha kurekodi ni chumba kidogo kilichojazwa magodoro ukutani, na juu yake ni bati.

Alikuwa anasoma vizuri tu, mpaka alipofika kwenye huu:

"Niliwasha taa mapema, usije ukasema hukuiona njia."

Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na kitu. Akaniuliza, "Binti, hii ya nani?"

Nikamwambia ni ya *Treni Haisubiri Wajane*. Kuna adui mwenye koti refu, kasimama kwenye mlango wa behewa, treni inaanza kwenda, anamwangalia stelingi, yule shujaa wa muvi, halafu anasema hivyo. Nilimwonyesha mpaka anavyosimama. Mwili wangu wote unaijua ile muvi.

Sauti akasema, "Adui gani anamwashia mtu taa?"

Nikamwambia maadui wa zamani walikuwa na adabu. Akacheka kwa pua, akausoma tena, na kompresa ya chini ikanyamaza yenyewe kama imeambiwa.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Hatukurekodi. Ikipiga lile bati ni kama mtu anamwaga kokoto kichwani kwako.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Hatukurekodi.

Jumanne, 19 Machi

Niandike habari za Programa. Ndiye anayeifanya gemu iende, bila yeye Mlafi ni picha tu. Kijana mwembamba, hedifoni kichwani toka asubuhi mpaka anaondoka. Ukimsemesha anainua kidole kimoja, maana yake subiri, halafu hakishushi. Anakula kwenye meza yake, amegeukia ukuta. Leo nilijaribu kukaa karibu naye na chakula changu, nikamsimulia *Jicho Moja na Mbwa Wake* kuanzia mwanzo, nikafika pale adui anapomwambia mbwa "sahani yake nimeifunika, akirudi atakuta nzi wa nyumba hii wana adabu kuliko yeye." Kidole kikapanda. Nikamalizia kumsimulia mchuzi.

Ameniita jina lakini: Maneno. Sijui ni sifa au ni tusi.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Hatukurekodi. Nimeshika kikombe changu dirishani muda mrefu mpaka nikasahau kama nilishakunywa.

Jumatano, 27 Machi

Leo nitaandika vibaya, haidhuru.

Bosi aliamua kwamba mchezaji akipatia mstari, rafu ifunguke na aione sehemu yenyewe ulikotoka: ukurasa wa kitabu au kipande cha muvi. Wazo zuri sana, nililishangilia mimi mwenyewe. Basi Programa akaanza kutafuta. Vitabu vyangu vimepita vyote, hata vile nilivyovisoma vimechanika jalada. Muvi ndiyo ikawa taabu. Hakuna muvi inayoitwa *Treni Haisubiri Wajane*. Nikamwambia shangazi ndiye aliyekuwa anaandika majina kwa chaki nje ya banda, labda alifupisha. Programa akatafuta kwa habari yenyewe, koti refu, behewa, mlango, na leo kaipata. Jina lake lingine kabisa, halina treni wala mjane. Tena ina maandishi ya tafsiri chini.

Tukakusanyika nyuma ya kiti chake, mimi, Bosi na Sauti ambaye alikuwa anasubiri mvua iishe. Na ni yenyewe. Koti ni lile lile. Treni ni ile ile. Nilisikia harufu ya mkeka. Yule adui akasimama mlangoni, uso wake ukajaa skrini nzima, ukakaa, ukakaa, mimi midomo ishaanza kwenda, niliwasha taa mapema, na yeye akafungua mdomo akasema neno moja. Chini pakaandikwa: Panda.

Akafunga mlango wa behewa.

Programa akarudisha nyuma. Panda. Akarudisha tena. Panda.

Nikasema labda kuna toleo refu. Nikasema labda hawa waliotafsiri ni wavivu. Nilisema mengi. Bosi akaniuliza kwa upole, na upole ndio uliniumiza, mistari mingapi nimeitoa kwenye muvi. Nikamwambia karibu nusu.

Programa akavua hedifoni, mara ya kwanza nayaona masikio yake. "Maneno, hizi muvi uliziona au uliziota?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeziangalia zote tulizozipata. Jicho Moja anamwambia mbwa wake: Kaa. Basi. Daktari wa nyoka, ambaye mimi namjua kwa maneno matamu kuliko wote, hasemi kitu, anacheka tu, tena ana meno mabaya. Mfalme wa nchi ya baridi anakohoa, anakufa.

Nyuso ni zao. Maneno siyo yao hata moja.

Jumamosi, 30 Machi

Nimempigia shangazi mchana huu. Shangazi anaongea na simu kwa kupaza sauti, kana kwamba simu haina kazi na yeye ndiye anayenifikia kwa mapafu yake. Akauliza kama nakula. Akauliza kama chumba kinavuja. Akaniambia wenye saruji wamevunja benchi la mbele. Mimi nikamkatiza.

"Shangazi, ile lugha ya muvi ulijifunza wapi?"

"Lugha gani?"

"Ya zile muvi ulizokuwa unatafsiri."

"Mwanangu," akasema, "ile lugha mimi sikujua hata maji wanayaitaje."

Akacheka mpaka akakohoa, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeshika goti.

Halafu akanieleza, kwa raha tu, kama mtu anayeeleza alivyoshona nguo. Aliyekuwa anaijua lugha ni mume wake. Alifanya kazi na wageni huko nyuma, ndiye aliyefungua banda, ndiye aliyeshika maiki. Alipoondoka aliondoka na lugha yake. Banda likabaki, viti vikabaki, na jioni watu wakaja kama kawaida wakakaa. Shangazi akachukua maiki. Stelingi hakumsumbua, stelingi kazi yake kupiga na kukimbia, unasema shika, unasema njoo huku, watu wanaridhika. Tatizo adui.

"Adui, wenye muvi wanapenda kumwonyesha uso," akasema. "Amekaa kimya anaangalia tu, uso umejaa ukuta mzima, na shingo zote zimenigeukia mimi. Watu wamelipa. Ningewapa kimya? Ikabidi aseme kitu."

"Na hayo maneno uliyatoa wapi?"

"Yatoke wapi tena? Yalikuwa karibu."

Akauliza tena kama nakula.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemweleza Bosi yote. Nilitegemea atacheka au atanifukuza, hakufanya hata kimoja. Alitazama ukuta wake. Akasema gemu nzima imesimama juu ya kitu kimoja, kwamba kila anachosema Mlafi mchezaji anaweza kukijua kilikotoka. Mstari usio na kwao haujibiki, na mchezaji asiyeweza kujibu atazima. Niitoe yote ya shangazi. Niandike mingine, yenye kwao, kabla ya mwezi kwisha. Akaongeza kwamba hili ndilo atakaloliangalia atakapoamua nibaki au nisibaki.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Nimeandika mistari sita. Ina miguu kama viti, haitembei.

Jumanne, 9 Aprili

Sauti amesoma mipya. Kaisoma kama matangazo: marehemu alikuwa mkazi wa, mazishi yatafanyika. Nikamwomba aweke hisia. Akasema hisia haiwekwi kama chumvi, binti, ingekuwemo ningeikuta.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Hatukurekodi.

Jumapili, 14 Aprili

Sijatoka. Jirani wa ng'ambo ya ukuta amepiga chafya, nikasema afya, kwa sauti, halafu nikangoja. Hakujibu. Huenda hakusikia.

Nafikiria hivi. Mimi nilikuwa najiona nina watu. Nimekuja mji huu peke yangu lakini kichwani nina umati: waandishi, maadui, wafalme, watu wa treni, wametoka nchi zote kuja kukaa na mimi kwenye mkeka. Nilidhani nimelelewa na dunia. Kumbe nimelelewa na mtu mmoja aliyeshika maiki. Wale wengine wote walikuwa wanacheza midomo tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Bosi kaniambia nifute rekodi za zamani, zinajaza nafasi. Nikasema nizisikilize kwanza, mara ya mwisho, moja baada ya nyingine. Sikuwahi kuzisikia zimefuatana. Kwenye gemu zimetawanyika, moja ya vita hii, nyingine ya vita ile, na kila moja nilikuwa nimeiwekea uso wake.

Bila nyuso ni hivi. Niliwasha taa mapema, usije ukasema hukuiona njia. Sahani yake nimeifunika. Kiti chako hakikaliwi, wageni nawaambia kimevunjika. Ukirudi usibishe hodi, sukuma, mlango haujui kukukataa. Nimejifunza kupika kidogo, nikisahau napika kingi. Wakiniuliza uko wapi nasema umetoka sasa hivi.

Jicho Moja, daktari wa nyoka, mfalme, mwenye koti. Wote wanamngoja mtu.

Nilikuwa mdogo mume wa shangazi alipoondoka. Namkumbuka viatu tu, kwa kuwa mimi nilikuwa chini ya meza. Ilisemwa amekwenda kutafuta maisha. Shangazi hakuwahi kulia mbele yetu, hakuwahi hata kumsema vibaya. Na sisi tulimsifu, huyu mama ana moyo mgumu. Kumbe kila jioni alikuwa anasema yote, kwa maiki, spika mbili, banda limejaa, na hakuna aliyejua. Watu walikuwa wanamzomea adui. Mimi nilikuwa nazomea kwa sauti kuliko wote.

Komeo lile. Mlango haujui kukukataa. Mimi nilidhani komeo limeharibika.

Sikuzifuta. Nimezihamishia kwenye simu yangu.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimempigia. Nilitaka kumwambia najua, nikakosa pa kuanzia, nikamsomea ule wa taa. Polepole.

Akasema, "Maneno mazuri hayo. Nani kasema?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

Nikamwambia muvi ya treni, mwenye koti. Hakumbuki. Kweli hakumbuki, siyo kwamba ananificha, shangazi hajui kuficha sauti. Aliniambia muvi zilikuwa nyingi na yeye alikuwa anasema linalokuja, likishasemwa limekwenda. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi nilikuwa najua kusema," kama anamsifu mtu wa mtaa wa pili, halafu akaniaga upesi, akidai ana kitu jikoni. Sikusikia kitu jikoni.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Nimemaliza mistari mipya. Yote ina kwao. Bosi kasema inatosha. Hakusema nzuri.

Alhamisi, 2 Mei

Leo kumetokea jambo.

Wamekuja vijana watatu kuijaribu gemu, tuone wapi inakwama. Wawili wamecheza wakamaliza, wakasema nzuri, wakaondoka. Wa tatu, msichana mmoja mwenye kikohozi, alifika kwenye pambano la mwisho. Rafu zimejaa, Mlafi ni ngozi tupu kasimama mlangoni pa maktaba. Hapo anatakiwa aanguke. Hakuanguka. Akafungua mdomo, na ikatoka sauti ya Sauti, ile ya mwanzo: niliwasha taa mapema, usije ukasema hukuiona njia.

Kumbe ule mmoja haukutolewa. Na kwa kuwa majibu yake yalishafutwa, hakukuwa na cha kuchagua. Mlafi akasimama anamwangalia. Baada ya muda akausema tena. Na tena. Gemu imeganda, tuseme. Lakini yule msichana hakuzima. Aliweka kile kidude cha kuchezea mapajani, akabaki anamtazama Mlafi, Mlafi anamtazama yeye. Mwishowe akageuka akauliza, "Huyu anamsubiri nani?"

Bosi akasema ni kosa, litarekebishwa.

Walipoondoka nilimfuata Programa. Nikamwambia hakuna haja ya kunidhalilisha mara mbili. Akainua kidole. Nilikuwa nishageuka niondoke, kidole kikashuka, akasema hakuusahau. Aliuacha. Kila siku anapoijaribu gemu peke yake hufika hapo, anakaa.

"Unakaa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakula."

Nikaitazama ile hedifoni yake. Sijui kwa nini sikuwahi kuiangalia vizuri. Waya wake unashuka mpaka kiunoni, unaishia hewani. Haujachomekwa kwenye kitu.

Jumatatu, 6 Mei

Tumesimama mbele ya Bosi, mimi na Programa, tunauombea mstari mmoja. Bosi akanyoosha kidole ukutani. Nikamwambia, ndiyo, Mlafi ameshatapika vyote, hana cha watu tena, sasa tusikie amebaki na nini. Nilisema kwa kasi mno, Programa akarudia nusu yake kwa Kiswahili cha kueleweka.

Bosi akafikiri. Akasema gemu isiyoisha haiuziki. Mchezaji lazima awe na la kumjibu, na jibu liwe la kweli, siyo la kunogesha. "Ulete jibu kabla wanunuzi hawajaja. Usipoleta, mstari unatoka." Akanitazama. "Na wewe unajua tulikubaliana nini."

Najua. Mvua ikiisha.

Alhamisi, 9 Mei

Sauti kaja kuurekodi upya, ule wa zamani mwanzo wake una mlio wa kompresa kwa mbali, kabla haijanyamaza. Alipoanza tu, mvua. Akasema ngoja tusome hivyo hivyo, huyu Mlafi ni mzee mwenzangu, hachagui hali ya hewa. Tumesikiliza: bati linapigwa, na katikati yake mtu anaongea bila kupandisha sauti. Hatutarudia.

Jumatatu, 13 Mei

Majibu niliyoyaandika: Nimerudi. Uongo, hakurudi mtu. Nisamehe. Nani anaomba, kwa niaba ya nani? Hatarudi. Mchezaji gani ana haki ya kumwambia hivyo? Programa kayajaribu yote, anatikisa kichwa kila mara, lakini sasa anatikisa akiwa amenigeukia.

Jumatano, 15 Mei

Manyunyu tu. Matope yameanza kushika. Sina jibu.

Ijumaa, 17 Mei

Jua asubuhi nzima. Bosi ameniuliza kwa macho. Nimeangalia chini.

Jumamosi, 18 Mei

Nimempigia shangazi jioni, nikiwa ofisini, kabla jua halijazama. Huko nyumbani bado inanyesha, nilisikia. Sikumweleza la kazi. Nikamwambia tu kuna mzee mmoja kwenye gemu yetu nataka amsikie, nikasogeza simu kwenye kompyuta, nikamwekea. Mvua ya kwetu, ile ya kwenye rekodi, ikaingia kwenye mvua ya kwake.

Nikamwekea tena, hakuniomba.

Akauliza, sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake kwenye simu, "Huyo mzee amesimama wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango uko wazi?"

"Uko wazi, shangazi."

"Toka lini?"

Nikamwambia toka zamani. Toka mimi mdogo.

Alikaa kimya. Zamani kimya kama hicho angekijaza yeye. Mimi nilitaka kukijaza, ulimi ulikuwa tayari, nikauma mdomo, nikamwachia.

"Mwambie afunge mlango," akasema. "Mvua inaingia ndani."

Halafu nikasikia kiti kinasukumwa. Nikasikia kandambili zake zinaburuzwa, polepole, zinakwenda mbali na simu, alikuwa ameiacha mezani. Ukaja mlio ambao sikuutambua mwanzoni kwa sababu ule wa chumbani kwangu nausikia kila siku, lakini kule sijawahi kuusikia maisha yangu yote. Chuma kimekwaruza, kimegoma, kina kutu. Kikagoma tena. Kikaingia.

Kandambili zikarudi.

"Umekula?" akaniuliza, kwa sauti yake ya siku zote.

Jumatatu, 20 Mei

Programa ameliweka. Hakuna vya kuchagua vingi, ni jibu moja tu linatokea chini: Funga mlango, mvua inaingia. Ukilibonyeza, Mlafi anakutazama kidogo, halafu anageuka, anaufunga mlango wa maktaba kwa ndani, taratibu, na skrini inakuwa nyeusi. Inabaki mvua. Programa ameiacha inyeshe muda, hakuikata.

Bosi alicheza mwenyewe. Alipomaliza alikaa na giza lile. Akauliza hili jibu limetoka wapi, maana rafu ya mwisho ina nafasi na kila kitu lazima kiwe na kwao. Nikamwambia kwa shangazi. Akasema basi pale kwenye rafu pawekwe banda, viti, meza yenye maiki. Mchoraji aulizwe kama anaweza kuchora mkeka. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kuna gemu nyingine anaifikiria, adui wake ni mwanamke, nije na mawazo Jumatatu.

Nimeshuka ngazi, nimemwambia fundi matairi nimebaki. Akasema ulikuwa unaondoka?

Jumapili, 26 Mei

Wanunuzi walikuja Ijumaa, wameichukua. Mvua imekwisha, mtaani vumbi limeshaanza.

Jana Programa aliniuliza nakaa upande gani. Nikamweleza, nyumba ya tatu baada ya duka la mikate, ghorofa ya chini. Nikamwambia akipita siku yoyote, leo kwa mfano, anaweza kuja tukaicheza mpaka mwisho kama watu wa kawaida. Akainua kidole kimoja. Sijui safari hii maana yake nini.

Nimenunua kikombe cha pili. Muuzaji hakuniuliza kitu.

Kunaanza kuingia giza. Makomeo sijafunga, mlango nimeurudisha tu. Taa nimewasha mapema.